Mjomba Akitaja Shule ya Marafiki

Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ina kurasa chache tu, lakini katika nyumba nyingi za Ipelele hakuna karatasi inayosomwa mara nyingi kuipita. Godoro. Ndoo yenye mfuniko. Jembe na mpini wake. Fyekeo. Rimu ya karatasi. Sweta, tena nzito, maana huku juu Makete baridi haina mzaha. Mama hupita mstari kwa mstari kwa kidole, baba akihesabu kimoyomoyo ni magunia mangapi ya viazi itabidi yashuke Njombe na Makambako kabla ya Januari.

Kabla ya fomu kuna uamuzi, nao ndio unaokosesha watu usingizi. Mtoto aende sekondari ya kata, alale nyumbani na ale ugali wa nyumbani? Au apelekwe bweni, kwenye shule ya kanisa, ambako ada ni kubwa lakini inasemekana watoto wanalelewa? Shule za makanisa si jambo geni katika milima hii. Wamisionari wa Berlin waliingia Ukinga na Ubena katika miaka ya 1890, na vituo vyao vya Bulongwa, Tandala na Kidugala vimekuwa sehemu ya maisha ya watu kwa zaidi ya vizazi vinne. Wabenediktini walifika Uwemba. Wakonsolata wakajenga hospitali ya Ikonda. Mzazi wa Ipelele akiambiwa seminari ya Walutheri au shule ya masista, anajua anaambiwa nini. Anajua hata kengele italia saa ngapi.

Sasa tuseme mjomba wa mtoto, mfanyabiashara aliyehamia Kisumu, amepiga simu usiku. “Dada, mlete huyo kijana huku. Kuna shule za Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka. Nidhamu ipo, na masomo yapo kweli.” Mama anatulia kidogo, halafu anauliza swali lililo halali kabisa: “Marafiki wa nani?”

Marafiki ni Wakristo. Walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, wakati nchi ile imechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakimfuata mhubiri mmoja aliyeitwa George Fox. Jina la Quaker, yaani mtetemekaji, walipewa na watu waliowakejeli, nao wakaishi nalo. Fundisho lao kuu ni kwamba ndani ya kila binadamu, awe mfalme au mtumwa, kuna kitu cha Mungu, na kila mtu anaweza kukisikia akinyamaza. Mengine yote yanatoka hapo. Kama ndani ya adui yako kuna kitu cha Mungu, humpigi risasi. Ndiyo maana Marafiki wamekataa vita tangu zamani, na mwaka 1947 mashirika yao mawili, la Uingereza na la Marekani, yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kama unasema kweli siku zote, huna haja ya kuapa mahakamani. Kama watu wote ni sawa, humvulii kofia tajiri. Wengi walitupwa gerezani kwa mambo hayo.

Shule walizianzisha mapema. Ackworth, kaskazini mwa Uingereza, ilifunguliwa 1779. Sidwell Friends ya Washington ilianza 1883, na ndiko walikosoma binti wa Bill Clinton na mabinti wawili wa Barack Obama. Ada yake ya mwaka inapita dola elfu hamsini, fedha ambazo huku zingenunua shamba na gari la kubebea mazao yake. Katika shule nyingi za namna hiyo, wanafunzi na walimu huingia ukumbini mara moja kwa wiki na kukaa kimya. Hakuna mhubiri wala kwaya. Dakika zinapita, kiti kinalia, mtu anakohoa. Pengine mtoto wa miaka kumi na mbili anasimama, anasema sentensi mbili kuhusu bibi yake mgonjwa, anakaa, na kimya kinarudi. Maamuzi mengi hayapigiwi kura. Karani wa kikao husikiliza mpaka aone wote wamefika mahali pamoja. Katika baadhi ya shule hizo mwalimu huitwa kwa jina lake la kwanza, kwa kuwa Marafiki wa kale hawakupenda vyeo.

Mtoto aliyelelewa kwa “Shikamoo, mwalimu” na mikono nyuma atashtuka. Lakini asishtuke bure, kwa sababu Marafiki atakaowakuta Afrika Mashariki wamepita njia yao wenyewe.

Njia hiyo ilianza 1902. Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walishuka meli Mombasa, wakapanda reli mpya hadi Ziwa Viktoria, kisha wakapanda vilima hadi Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wakakuta msitu na maji yanayoporomoka. Misheni yao iliitwa ya viwanda, na jina hilo lilikuwa na maana. Waliweka mashine ya kupasulia mbao inayoendeshwa na nguvu ya mto, wakafyatua matofali, wakafungua zahanati iliyokuja kuwa hospitali, na wakafundisha watu kusoma ili wasome Biblia. Kazi ya mikono ilikuwa sehemu ya dini. Msomaji wa Tanzania atakumbuka Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya 1967, iliyodai shule iwe pia shamba na karakana. Wazo la kwamba mwanafunzi hapaswi kuogopa jembe lilikuwa limeshatembea Kaimosi miaka sitini kabla.

Marafiki wale walikuwa wa mrengo wa kihubiri wa Marekani, wenye wachungaji na nyimbo. Kwa hiyo Kanisa la Marafiki lililokua Kenya linaimba, linapiga ngoma, lina mchungaji na mahubiri marefu. Leo Kenya ndiyo yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, zaidi ya laki moja, wengi wao Waluhya wa Vihiga, Kakamega na Bungoma. Mzazi anayedhani anampeleka mwanawe kwenye ukumbi wa kimya atakuta Jumapili ya Kaimosi haiko mbali na Jumapili ya Walutheri wa Makete.

Na Tanzania? Watu wachache wanakumbuka kwamba Marafiki walifika Pemba kabla ya kufika Kaimosi. Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, aliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Mwaka huohuo Marafiki wa Uingereza walianza kazi Pemba, wakiongozwa na Theodore Burtt, na wakanunua shamba la mikarafuu huko Banani, karibu na Chake Chake. Nia yao ilikuwa kuwaajiri kwa mshahara watu waliotoka utumwani na kuwafundisha watoto wao. Misheni ile ilibaki ndogo, katika kisiwa cha Waislamu ambao hawakuona sababu ya kubadili dini. Kwa upande wa bara, makanisa ya Marafiki yako zaidi Mkoa wa Mara, karibu na ndugu zao wa Kenya. Huku Nyanda za Juu Kusini jina hilo ni geni, ndiyo maana simu ya mjomba inahitaji kuchambuliwa kwa utulivu.

Jambo la kwanza la kuchambua ni nani mwenye shule. Hapa wazazi wengi wa Tanzania hupotea, kwa sababu nchi hizi mbili zilichukua njia tofauti. Tanzania, kwa Sheria ya Elimu ya 1969, ilizitwaa shule za misheni zikawa za serikali, na makanisa yakabaki na seminari; shule nyingi za makanisa tunazoziona leo zilijengwa upya baadaye, na ni za binafsi, za ada. Kenya iliyaacha makanisa yabaki wadhamini wa shule. Shule inaitwa ya Marafiki, kanisa lina viti katika bodi na neno katika malezi ya kiroho, lakini walimu wengi wanaajiriwa na tume ya serikali na mtaala ni wa serikali. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaja mdhamini na kazi zake, na inalinda pia mwanafunzi wa dini nyingine. Friends School Kamusinga, huko Bungoma, iliyoanzishwa na Marafiki katika miaka ya 1950, ilipandishwa kuwa shule ya kitaifa. Ni shule ya wavulana zaidi ya elfu moja, inayojulikana kwa matokeo ya mitihani na kwa mpira wa magongo. Mwanafunzi anaweza kumaliza masomo yake yote hapo akiwa hajamjua George Fox zaidi ya anavyomjua Martin Luther.

Si kasoro. Ni jambo la kulijua tu kabla ya kulipia nauli.

Lipo jambo zito zaidi, na haiwezekani kuandika kwa haki kuhusu shule za Marafiki bila kulitaja. Mwaka 1934 Arthur Chilson, yuleyule wa Kaimosi, akiwa na umri wa kupita miaka sitini, alihamia Burundi na kuanzisha kituo cha Kibimba. Shule ilikua, hospitali ikakua. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye alipouawa na wanajeshi, nchi ililipuka. Kibimba, wanafunzi wa Kitutsi walikamatwa, wakafungiwa katika jengo la kituo cha mafuta kando ya barabara, na wakachomwa moto. Walikufa kwa makumi. Walikuwa wanafunzi wa shule iliyoanzishwa na watu wanaoamini kwamba ndani ya kila mtu kuna kitu cha Mungu. Leo pamesimama mnara wa kumbukumbu. Baada ya mauaji hayo zilifuata wiki za kulipiziana kisasi, na Wahutu wengi wakauawa nchini kote.

Marafiki wa Burundi hawakulifunika jambo hilo. Mwaka 1994 pale Kibimba iliundwa kamati ya amani ya Wahutu na Watutsi, watu waliokuwa wanaogopana hata kupishana njiani, wakaanza kukaa pamoja na kuzungumza. Shule ikafunguliwa tena kwa watoto wa pande zote mbili. Ni kazi ya ujasiri kuliko kujenga jengo lolote. Lakini kwa mzazi anayechagua shule, Kibimba inabaki ikiuliza swali: imani iliyoandikwa getini imefika darasani, au imeishia getini?

Kenya nayo ilijaribiwa. Ghasia za baada ya uchaguzi, kati ya Desemba 2007 na mwanzo wa 2008, ziliwakuta Marafiki katika maeneo yaliyoungua. Baadhi yao walikuwa wameshajifunza warsha za kuzuia ukatili zilizobuniwa 1975 na Marafiki pamoja na wafungwa wa gereza la Green Haven, jimbo la New York: watu wanakaa katika duara, wanajifunza kusikilizana, wanaigiza ugomvi na kutafuta mlango wa kutokea. Warsha hizo zilipelekwa vijijini na kwenye kambi za waliokimbia ghasia, na kanisa likaandaa mafunzo ya amani na utatuzi wa migogoro kwa ajili ya sekondari zake. Hapo ndipo jina la Marafiki linapokuwa na uzito kwa mtoto. Kwa hiyo swali la kumwuliza mkuu wa shule si kama shule ni ya Marafiki. Ni hili: wanafunzi wawili wakipigana bwenini saa nne usiku, nini hufanyika kesho yake asubuhi?

Jibu linaelekea moja kwa moja kwenye fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania inaviruhusu kwa masharti: kwa kanuni za 2002 anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Mzazi ana haki ya kuuliza kitabu hicho kiko wapi. Anayeuliza kwa heshima, akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni ofisini, hujifunza mengi kabla hata ya kujibiwa. Kama mwalimu anasimama, anakitoa kabatini na kukifungua, ni shule moja. Kama wanatazamana, ni nyingine. Na hili halihusu Marafiki peke yao. Liko hivyohivyo kwa Walutheri, kwa Wakatoliki, kwa Waislamu na kwa sekondari ya kata.

Vivyo hivyo bweni. Mwaka 1994 moto uliwaua wasichana takriban 40 wa Shauritanga, Kilimanjaro. Kenya ilipoteza wavulana 67 kwa moto mmoja tu wa Kyanguli, 2001, na mwaka 2016 ilishuhudia wimbi la wanafunzi kuchoma mabweni ya shule zaidi ya mia moja. Mzazi aliyesafiri siku mbili asione haya kuomba kuingia bwenini. Ahesabu milango. Aangalie kama madirisha yana nondo zisizofunguka, na kama kati ya vitanda mtoto anaweza kupita akikimbia gizani.

Kisha kuna mtoto mwenyewe, ambaye katika mazungumzo haya mara nyingi huwa nje akipalilia viazi wakati wakubwa wanaamua. Watu hudhani shule ya Marafiki inamfaa mtoto mpole. Si lazima. Mtoto mpole katika bweni la mamia ya wavulana anaweza kupotea kama shilingi kwenye mchanga, hata kama shule inaitwa ya amani. Na mtoto mwenye maneno mengi, yule anayeuliza kwa nini kila baada ya dakika tano mpaka bibi anachoka, ndiye anayeweza kunufaika zaidi na mahali ambapo swali halihesabiwi kuwa utovu wa adabu. Jambo la kupima ni kama kuna mtu mzima mmoja pale atakayemjua kwa jina na kugundua siku asipokula.

Umri nao una sheria yake. Machi 2023 serikali ya Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na ilifanya vyema. Kwa Kenya kuna kizingiti ambacho mjomba huenda hakukifikiria. Mtaala wao mpya umegawa sekondari: darasa la 7 hadi la 9 husomwa katika sekondari ya chini, iliyopo kwenye maeneo ya shule za msingi, na shule kama Kamusinga hupokea kuanzia darasa la 10; mwaka 2026 ndio wa kundi la kwanza. Kijana wa Ipelele aliyemaliza darasa la saba hawezi kuruka moja kwa moja hadi kwenye bweni hilo maarufu. Huenda akalazimika kukaa kwa mjomba na kusoma kutwa kwanza. Akimaliza masomo yake Kenya na kutaka kurudi chuo nyumbani, cheti chake kitapelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kilinganishwe. Na kuna safari: Ipelele hadi Njombe, Njombe hadi Makambako kwenye barabara kuu, kupanda Iringa na Dodoma, kuzunguka Singida na Shinyanga hadi Mara, kuvuka mpaka Sirari, kisha Kisumu. Mtoto akiugua, mama hafiki kesho.

Hayo yote yakishawekwa mezani, wapo watakaomtuma mtoto, na wapo watakaofanya vizuri kwa kumtuma. Mtoto mwenye mjomba makini, nyumba iliyo karibu na shule, na hamu yake mwenyewe ya kwenda, anaweza kupata Kaimosi au Bungoma malezi ambayo yatamfaa maisha yote. Wapo pia watakaogundua kwamba walichokitafuta kwa Marafiki kinaweza kudaiwa papa hapa. Hakuna kanuni inayozuia sekondari ya kata kuanza siku kwa dakika tatu za kimya, au kuwakalisha wagomvi wawili na mwenzao wa tatu wa kuwasikiliza. Karo yake ni sifuri. Kikao cha wazazi kinaweza kuliomba, na wazazi wa Ipelele ni watu waliozoea kujenga madarasa kwa nguvu zao. Kuomba dakika tatu si jambo la kuwashinda.

Asubuhi moja ya kazi, bila kutangaza, mzazi anaweza kwenda kusimama karibu na paredi ya shule yoyote anayoifikiria. Siku ya wageni haisaidii, maana siku hiyo hata maharage huwa yamechambuliwa. Aje siku ya ukungu, wakati wale wanaotoka vitongoji vya mbali wanaingia getini wamechelewa, viatu vina tope hadi kwenye kamba, mikono imejikunja ndani ya sweta. Amtazame mwalimu wa zamu. Anasema nini kwanza kwa mtoto wa mwisho?

Jioni simu ya mjomba itarudishwa. Yule mama ameshayaandika maswali yake nyuma ya fomu ya kujiunga, chini ya ndoo na jembe: nani anamiliki, kitabu cha adhabu, milango ya bweni, darasa gani ataanzia, nani atamchukua akiugua. Lakini ataanza na moja ambalo hakuliandika.

“Kaka, wewe mwenyewe umewahi kuingia ndani ya hiyo shule?”